Redio Isiyoshika RTD: Niliyoyasema Tanga Kuhusu Redio za Zamani za CB

Mliokosa kufika Jumamosi mmeniomba niyaandike niliyoyasema. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Yale ya mezani, ya bisibisi na mita, hayaandikiki; hayo mtanifuata dukani.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo? Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambaye sijamgusa namsalimu kwa jina la Tanga yetu.

Kwanza naomba radhi. Tangazo pale mlangoni linasema leo atazungumza mtaalamu. Mtaalamu hakuja. Nimekuja mimi, fundi redio wa Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, mwenye meza moja, feni moja inayopiga kelele, na kabati lililojaa mizoga ya redio za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Kama yako imo humo, baada ya kikao tuonane. Sikudai hata senti, nataka nafasi tu.

Mezani mnaziona redio tatu. Zote zina kitasa cha chaneli, zote zina kipaza sauti chenye waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe. Hakuna hata moja inayoshika taarabu. Hizi ni redio za CB, yaani za masafa ya raia. Kwa Kiswahili chetu cha zamani ni simu ya upepo, ndugu yake zile za polisi na za mashamba ya mkonge. Tofauti ni moja: zile zilikuwa za serikali na za bwana shamba. Hizi zilitengenezwa ziwe za mtu yeyote.

Na nilichokuja kuwaambia ni hiki: zitoeni kabatini. Redio hizi hazifi kwa kutumika. Zinakufa kwa kukaa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na neno lake juu ya hii ya kushoto. Mjomba alikuwa baharia. Watu wa Tanga mnawajua mabaharia: anaondoka na begi moja anarudi na matatu, halafu miezi sita anasimulia. Mwaka 1978, mimi nina miaka kumi na moja, alirudi na kitu amekifunga ndani ya shuka. Akakifungua mbele yetu kama anafungua mtoto mchanga. Mama akauliza, "Ni redio?" Mjomba akasema ni redio. Mama akauliza, "Inashika RTD?" yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya enzi zile. Haishiki. "Inapiga kaseti?" Haipigi. Mama akakaa kimya kidogo, akasema, "Sasa kaka, redio gani hii haiimbi wala haisomi taarifa ya habari?"

Ni swali zuri. Nimelijibu maisha yangu yote na bado nalijibu.

Mjomba aliinunua kwenye bandari ya Houston kwa bei ya kutupa, na bei ile ina sababu yake. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilitenga kipande cha mawimbi kwenye megahezi 27, ikasema hiki ni cha raia. Mwenye duka aongee na gari lake, mkulima aongee na nyumbani, bila kufanya mtihani wa ufundi. Nguvu yake wati 4. Taa ya chumbani kwako inakula zaidi ya hapo.

Kwa miaka kumi na tano hivi watu hawakuijali sana. Halafu mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani. Wazee mnakumbuka. Kule Marekani wakapunguza mwendo barabarani, maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, nchi nzima. Madereva wa malori, ambao mkate wao ni mwendo, wakachukia. Wakaanza kuambiana kwa redio hizi kituo gani kina dizeli, na askari amejificha wapi.

Mnacheka? Hapa kwetu, ukitoka Segera kuja Tanga, lori la mbele likikuwashia taa mchana kweupe, unaelewa nini? Basi hilohilo. Wao walikuwa na mdomo, sisi tuna taa.

Ikageuka wazimu. Kila mtu akawa na redio na kila mtu akawa na lakabu, maana hewani hawakutumia majina yao. Hata mke wa rais, Betty Ford, alikuwa na lakabu yake, "First Mama". Chaneli 23 zikajaa watu kama soko la Mgandini siku ya mkesha wa Idi. Serikali yao ikaongeza: kuanzia tarehe 1 Januari 1977, chaneli zikawa 40.

Sasa wewe mwenye duka, una shehena ya redio za chaneli 23, na kila mteja anataka 40. Unafanyaje? Unazitupa. Anapita baharia wa Tanga mwenye dola chache mfukoni, anaokota. Kwa hiyo redio ile ilifika Ngamiani kwa sababu ya sheria iliyopitishwa Washington. Huwa nalifikiria hilo nikiwa napangusa vumbi.

Haya. Mjomba akarudi baharini, redio ikabaki. Mimi na utoto wangu.

Jirani yetu alikuwa dereva wa lori la mkonge, na betri lake alikuwa analileta nyumbani usiku lisiibiwe. Mchana mmoja nikachukua nyaya mbili, nikaunganisha redio ya mjomba. Nikachanganya. Chanya kwenye hasi, hasi kwenye chanya. Fyuzi ikakatika, pa! Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaenda kuokota pakiti ya sigara barabarani, nikatoa ile karatasi ya fedha, nikaifunga kwenye fyuzi. Mafundi mliomo humu msijifanye hamjawahi.

Safari hii haikusema pa. Ilitoa moshi.

Ndani ya redio hizi, pale umeme unapoingilia, huwa kuna daiodi moja imekaa kama mlinzi wa geti. Ukigeuza nyaya, yeye anajitoa mhanga: anapitisha umeme wote kwake ili fyuzi ikatike na wengine wapone. Mimi nilimzuia fyuzi asikatike. Mlinzi akaungua, na njia ya shaba kwenye ubao ikaungua naye. Harufu ile hadi leo ninaijua. Mteja akiingia dukani na redio, kabla hajaniambia ina nini, pua imeshaniambia.

Mjomba aliporudi hakunipiga. Aliitazama, akaipandisha juu ya kabati. Ikakaa huko miaka kumi na moja.

Mwaka 1989 nimeshajifunza kazi, nina kalamu yangu ya kuchomea risasi, nikaiteremsha. Mnajua iliharibika nini? Daiodi moja. Nikaing'oa nyingine kwenye redio kaseti iliyokufa. Njia ya shaba nikaifunga kwa unyuzi wa waya wa umeme. Nusu saa. Miaka kumi na moja juu ya kabati, kwa kazi ya nusu saa!

Lakini ikawaka kinyonge. Sauti iko chini kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kwa nini, wakati haikutumika? Kwa sababu haikutumika. Zile kapasita, vimikebe vidogo vya bati, ndani vina majimaji. Zikikaa miaka bila umeme na joto letu hili, zinakauka na kuharibika. Kitasa cha chaneli nacho, chumvi ya bahari inakila. Tanga hapa ukiacha sindano dirishani wiki mbili inakuwa nyekundu. Je, kitasa chenye miguu ya shaba midogo namna ile? Kwa hiyo aliye na redio ya marehemu babu kabatini, namsihi: asiichomeke tu kwenye umeme kwa pupa. Ifunguliwe. Kapasita zitazamwe, zilizovimba zibadilishwe. Kitasa kisafishwe kwa spiriti, kizungushwe na kuzungushwa. Nyaya zikaguliwe ipi chanya ipi hasi. Na fyuzi iwe fyuzi!

Halafu kuna hili la kristali, vile vijiwe vinavyoiwekea redio masafa yake, nalipenda, mnivumilie. Redio ya chaneli 23 haina kompyuta ndani. Nyingi zina kristali 14 tu. Kristali 14 zinatoaje chaneli 23? Zimegawanyika makundi. Kuna kundi la kristali sita na kundi la kristali nne, na kila chaneli ni ndoa ya mmoja kutoka huku na mmoja kutoka kule. Zile nne zilizobaki ni pacha wa kundi la nne: kundi moja la kupokea, jingine la kutuma. Sasa mteja analeta redio anasema, "Fundi, baadhi ya chaneli zimekufa." Mimi sifungui. Ninazungusha kitasa na kuhesabu. Zikiwa zimekufa chaneli nne zinazofuatana, mgonjwa yumo kwenye kundi la sita. Ikiwa inakufa moja kila baada ya tatu, mgonjwa yumo kwenye kundi la nne. Mteja anadhani nimesomea uganga.

Turudi 1989. Redio imepona, sasa inataka antena. Antena ya redio hizi haipimwi kwa macho. Chukua 300, gawa kwa megahezi 27. Unapata wimbi lenye urefu wa mita 11 na kidogo. Robo yake ni kama mita 2 na sentimeta 75. Hiyo ndiyo fimbo yako. Mimi sikuwa na fimbo. Nilikata waya, nikamwomba mkwezi aupandishe kwenye mnazi wa uani, na waya mwingine nikauzika ardhini. Mama akauliza kama sasa itashika RTD.

Siku tatu ilikuwa shiii tupu. Siku ya nne, baada ya alasiri, nikasikia mtu.

Mtu kabisa! Anakuja, anazama, anarudi, kama sauti inayoletwa na upepo kutoka msibani mbali. Sikuelewa neno. Nikakimbia kumwita mzee mmoja jirani, naye alikuwa baharia mstaafu. Akaja na kikoi chake, akasikiliza, akasema, "Huyu Mtaliano. Anaita, anauliza nani anamsikia."

Jamani. Italia ni zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa. Redio ya wati 4 imeundwa isikike kilomita chache, kumi, labda ishirini. Amefikaje kwenye mnazi wetu?

Juu kule, kilomita mamia kadhaa, kuna tabaka la hewa ambalo jua linalichaji umeme. Jua likiwa na nguvu, tabaka lile linakuwa kama kioo kwa mawimbi haya: yanapanda, yanagonga, yanarudi ardhini mbali sana. Jua likipoa, kioo kinafifia, mawimbi yanapotelea angani. Na jua lina zamu zake, kama kusi na kaskazi, ila zamu yake ni miaka kama kumi na moja. Lilikuwa kileleni mwaka 1979, likashuka, likarudi kileleni 1989. Sasa piga hesabu. Redio ya mjomba nimeiunguza karibu na kilele kimoja, nimeiteremsha kwenye kilele kingine. Ililala zamu nzima ya jua! Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba jua limefika kileleni tena. Baada ya hapo ni mteremko. Aliye na redio kabatini asingoje.

Na jambo la ajabu, adui wa kusikiliza siku hizi si jua. Ni chaja. Chaja za bei rahisi, taa za LED, visimbuzi, vyote vinatoa kelele ambayo sikio lako halisikii lakini redio inasikia. Dukani kwangu usiku ni mngurumo mtupu. Umeme ukikatika mtaa mzima, watu wanalalamika, mimi nachomeka betri na kuvuta kiti. Pamekuwa kimya kama enzi za mama.

Sasa vijana, nawajua, mnasubiri nifike kwenye kitufe. Kuongea.

Kabla hujabonyeza, mambo mawili, na la kwanza sina mzaha nalo. Kutuma mawimbi hewani nchi hii ni jambo la leseni, na mwenye nalo ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Si la kujiamulia uani kwako kwa sababu redio ni ya babu. Uliza kwanza, kwa maandishi, ujibiwe. Mimi nimekuwa msikilizaji miaka yote hii na sijapungukiwa.

La pili ni la kiufundi. Kuna kijana alinunua redio ya chaneli 40 iliyotolewa kwenye lori la mtumba. Nzuri, imekamilika. Jioni akawakusanya rafiki zake, akaichomeka, hana antena, akaanza: alo, alo, alo, ova. Jioni nzima. Kesho yake akaniletea, haitumi tena. Mmeshawahi kusimama Raskazone wakati wa kusi, wimbi linapopiga ukuta? Linakwenda wapi? Linarudi, na linakutana na linalokuja, maji yanaruka. Redio bila antena ni hivyohivyo: nguvu inafika mwisho wa waya, haina pa kutokea, inarudi kumpiga transista wa mwisho, yule anayesukuma mawimbi kwenye antena. Akaungua. Ndiyo maana kwenye meza yangu kuna hiki kimkebe cha maziwa chenye rezista ya omu 50 ndani. Unakifunga mahali pa antena, karibu nguvu yote inaishia humo kama joto, haitoki kwenda kwa jirani wala kwa askari. Redio haijeruhiwi na wewe unapima kazi yako.

Na tahadhari kwa wanunuzi. Hizi mbili za kulia zinafanana kama kurwa na doto. Hii ya Marekani, hii ya Uingereza. Waingereza waliruhusu CB tarehe 2 Novemba 1981, tena kwa masharti yao: FM tu, na masafa mengine kidogo, juu ya yale ya Marekani. Tazama usoni pake, pana muhuri umeandikwa 27/81. Ndugu wawili wa Pongwe walinunua moja hii mmoja hii, wakaja kunigombeza kwamba nimewauzia vibovu. Kumbe zote nzima, ila mmoja anaongea lugha ambayo mwenzake hana masikio yake. Nikawarudishia pesa. Redio zao ndizo hizi hapa.

Nitasema na hili, kwa sababu tuko pwani. Miaka kadhaa nyuma alikuja nahodha wa mashua inayokwenda Pemba. Amesikia habari za redio zangu, anataka moja chomboni, iwe ya kuombea msaada. Kweli Marekani chaneli 9 iliwekwa kwa dharura. Lakini nikamuuliza: nahodha, ukiwa katikati ya mkondo, chombo kinaingia maji, unaita chaneli 9, anakusikia nani? Mtaliano? Vyombo vya baharini vinasikiliza VHF ya baharini, chaneli 16, megahezi 156.8. Huko ndiko waliko masikio. Akasema hiyo ni ghali. Nikamwambia CB simuuzii. Tukagombana dukani, wateja wanatazama. Hajanisalimia mpaka leo, na tukikutana msikitini anasali safu ya mbali. Lakini mashua yake sasa ina antena ya VHF mlingotini. Nimeiona kwa macho yangu pale bandarini, na nimenyamaza.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipoanza. Anauliza: fundi, na simu ziko mfukoni, ya nini yote haya?

Mama, simu unampata unayemtaka. Hii unampata aliyepo. Kwenye simu mnaweza kusema wote wawili kwa pamoja, kama kina mama sokoni, samahani. Hapa ukibonyeza kitufe unakuwa kiziwi. Redio ikituma haipokei. Mwenzako akikatiza, humsikii, na yeye hakusikii, mnabaki wawili mnaoongea na hakuna msikilizaji. Wanangu wawili dukani, wanafunzi wangu, nilipowapa redio mbili siku ya kwanza walibonyeza kwa pamoja dakika nzima, kila mmoja anasema "nakusikia, nakusikia". Hakuna aliyekuwa anamsikia mwenziwe.

Nimesema sana na feni ya ukumbi huu imeshachoka kuliko ya kwangu. Nimefunga vimkebe kwenye hii ya mjomba na kwenye ile ya Marekani ya chaneli 40. Mawimbi yatavuja kidogo tu, yatafika kutoka meza hii hadi ile ya mlangoni, basi. Betri limejaa. Zote ziko chaneli 14. Mama wa nyuma, njoo wewe kwanza, ukae hapa. Na mzee wa kofia, wewe nenda mlangoni. Ukimaliza kusema, sema "ova", halafu uachie kitufe. Mkikiachia ndipo mtasikia.

Haya mama, bonyeza.